Usafi wa Mto Unaanzia Uani Kwako

(Hotuba ya Katibu wa Chama wa kijiji kwa mkutano mkuu wa wanaushirika. Imenakiliwa katika gazeti letu la ukutani ili asiyehudhuria aisome, na asiyejua kusoma asomewe na jirani yake.)



Pamba imekwisha kwenda ghalani, mashamba yanasafishwa, na mawingu yameanza kukusanyika upande wa ziwa. Mvua za kwanza ziko njiani. Kwa hiyo jambo tulilokuja kuzungumza leo halingoji mkutano ujao. Tunataka kuzungumza juu ya maji ya mvua: yanapita wapi, yanazoa nini, na yanakipeleka kwa nani.

Hebu tuyafuate. Maji yanashuka kutoka kwenye miamba ya kilimani, yanapita katika miji yetu, yanapita mazizini, yanaingia mashambani na kwenye makorongo, halafu yanaingia katika kijito chetu. Kijito chetu kinaingia Mto Simiyu. Mto Simiyu unamwaga maji Ziwa Victoria, kwenye Ghuba ya Speke, kule Magu. Na ziwa lile lina mlango mmoja tu wa kutokea, kule Jinja nchini Uganda, ambako Mto Nile unaanza safari. Ziwa ni kubwa, karibu kilometa za mraba 68,800, lakini mlango ni mmoja. Kitu kibaya kikiingia hakitoki kesho wala keshokutwa. Kinakaa miaka.

Mtu atasema, ziwa ni kubwa kiasi hicho, ua wangu mdogo utalidhuru vipi? Swali hilo tulilipeleka darasani, kwenye kisomo cha watu wazima, tukalifanya kuwa hesabu. Mvua ya milimita 25 si mvua ya ajabu, ni mvua ya saa moja au mbili tunayoijua sote. Ikinyesha kwenye ekari moja inamwaga kama lita 100,000. Gawanya kwa debe la lita 20, unapata madebe 5,000. Haya, ukichukua ua wa mita 15 kwa 15, mvua hiyo hiyo inamwaga zaidi ya madebe 280. Yupo hapa mtu awezaye kufagia ua wake kwa madebe 280 ya maji? Mvua inaweza, na inafagia bure, bila kumwuliza mwenye nyumba. Zidisha kwa nyumba zetu zote, halafu kwa vijiji vyote vya bonde la Simiyu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Uchafu nao una kibaba chake.

Tena tukumbuke kwamba maji ya kwanza ndiyo mabaya kuliko yote. Miezi yote ya kiangazi kinyesi cha mifugo, majivu, mafuta, vifuko na vumbi la dawa vinalala juu ya ardhi. Mvua kubwa ya kwanza inavizoa kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana mto unashuka mweusi, wenye povu na harufu. Mvua ya tatu au ya nne inakuta ardhi imekwisha oshwa. Kwa hiyo kazi ya kusafisha inafanywa kabla ya mvua. Anayesubiri mawingu yapasuke ndipo atafute ufagio amechelewa, kwani mvua imekwisha mfanyia kazi na imekwisha mpelekea jirani mzigo.

Sasa tutazame maji hayo yanabeba nini.

Kwanza, udongo na mbolea. Udongo wa juu ndio wenye rutuba, na ndio mwepesi kuondoka. Mto ukiwa na rangi ya uji wa ulezi, jueni ni mashamba yetu yanayosafiri. Mwenye shamba anabaki na changarawe. Na ile rutuba haipotei, inakwenda kulisha kitu kingine. Samadi iliyolundikwa mtoni na mbolea ya dukani iliyomwagwa siku ya mvua hustawisha mwani, yale majani madogo yanayogeuza maji kuwa ya kijani. Mwani ukifa unaoza, na katika kuoza unamaliza hewa iliyomo majini, na samaki anakosa pumzi. Magugu maji nayo yanakula chakula hicho hicho. Magugu yale asili yake ni Amerika ya Kusini, na yalionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 yalifunga ghuba na mialo, mitumbwi ikashindwa kutoka. Wataalamu walileta wadudu wadogo wa kuyala, wananchi wakayang'oa kwa mikono, yakapungua. Lakini hayajaisha, kwa sababu chakula chake hakijaisha. Chakula chake kinatoka nchi kavu, kwetu na kwa wenzetu.

Pili, kinyesi cha binadamu. Hapa hatutaficha maneno. Mtu akijisaidia porini au nyuma ya mwamba, mvua inakichukua kinyesi mpaka mahali akina mama wanapochota maji. Ndivyo kipindupindu kinavyosafiri. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 haukubaki Dar es Salaam, ulisambaa mikoa mingi. Kichocho nacho kina njia kama hiyo. Mayai yake hutoka na mkojo au kinyesi cha mgonjwa. Yakifika majini yanaanguliwa, vijidudu vinaingia ndani ya konokono, vinakaa humo wiki kadhaa na kuzaliana, kisha vinatoka na kupenya ngozi ya mtoto anayeoga au mama anayefua. Ugonjwa huu unaijua sana nchi yetu ya Usukuma, kwa sababu tuna malambo, majaruba ya mpunga na ziwa. Dawa ipo na watoto hupewa shuleni. Lakini mtoto akimeza dawa leo na kesho akarudi kwenye maji yale yale, tumefanya kazi ya kuteka maji kwa pakacha.

Tatu, sumu ya pamba. Zamani mashamba ya pamba yalipuliziwa DDT, na baadaye endosulfan, ambayo mwaka 2011 iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm wa kuondoa sumu zinazodumu. Dawa nyingi za siku hizi ni za aina nyingine. Baadhi yake hazimdhuru mtu haraka kama zile za zamani, na hapo ndipo watu wanapozizoea. Lakini hizo za aina ya pairethroidi, kiasi kidogo sana kinatosha kumwua samaki. Mtu anayesuuza bomba lake la kupulizia kijitoni anaweza kuua vifaranga vya samaki chini ya hapo, naye akaenda nyumbani akiamini ameosha chombo tu. Na anayepulizia huku wingu limefunga, dawa inaoshwa kabla haijamgusa funza. Fedha imekwenda na maji, funza amebaki.

Wazee wanawakumbuka ningu. Samaki huyu hukaa ziwani, lakini mito ikijaa hupanda juu kutaga mayai kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Kweli, nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito ndizo zilizompunguza kwa wingi. Lakini wachache wanaobaki wanakutana na nini njiani? Wanapanda wakati wa mafuriko ya kwanza, yaani wakati ule ule tunapowashushia uchafu wa miezi sita. Samaki anapanda kuzaa, sisi tunamshushia sumu.

Nne, mafuta na takataka. Pikipiki zimekuwa nyingi na zinatusaidia kupeleka wagonjwa na mazao. Hatuzilaumu. Tunalaumu kuziosha ndani ya kijito na kumwaga mafuta machafu njiani. Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba tarehe 1 Machi 2017, na mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Tumeona nafuu. Lakini bado kuna chupa za plastiki, nepi za watoto za kutupa, betri za tochi na vifungashio vya kila aina. Ng'ombe akila plastiki anakonda akiwa na tumbo limejaa. Korongo likizibwa na takataka, maji yanatafuta njia nyingine, na njia hiyo inaweza kuwa mlango wa nyumba ya mtu.

Ndugu wanaushirika, maradhi ni mmoja wa maadui watatu tuliofundishwa kuwapiga vita, pamoja na ujinga na umaskini. Maji machafu yanatuletea wote watatu kwa pamoja. Mtoto mgonjwa haendi shule, na mzazi wake haendi shambani. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi wakisikiliza redio na kusoma kijitabu, halafu wakaondoka na majembe kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Hawakungoja mgeni. Somo lilitoka redioni, kazi ikafanywa na mikono ya wananchi. Na sisi leo tunataka mambo yasiyohitaji mfadhili. Yanahitaji mazoea tu.

Bodi ya Ushirika na Serikali ya Kijiji tumekubaliana haya, na mabalozi watayafikisha kila shina:

1. Kila kaya ifagie ua na kuzoa taka kabla ya mvua. Majani, maganda na samadi viingie katika shimo la mboji lililo juu ya bonde, lenye kingo za udongo ili maji yasipite ndani yake. Plastiki, betri na vioo viwe mbali, visichanganywe na mboji.

2. Kila kaya iwe na choo chenye mfuniko, kilichochimbwa mbali na kijito na kisima. Nepi za watoto zisitupwe korongoni hata moja. Kinyesi cha mtoto mchanga nacho kinaambukiza, msidanganyike kwamba hakina madhara.

3. Bomba la dawa lisuuzwe shambani mara tatu, na maji ya kusuuzia yapuliziwe kwenye pamba hiyo hiyo. Chupa ya dawa isuuzwe vivyo hivyo, itobolewe, irudishwe ghalani. Isitiwe maji ya kunywa, mafuta ya taa wala maziwa. Kabla ya kupulizia, tazama mbingu.

4. Kufua na kuosha pikipiki kufanyike mbali na maji, penye majani, na mapovu yamwagwe juu ya ardhi. Mafuta machafu ya pikipiki yaletwe kwenye mashine ya kusaga, ambako litawekwa pipa lenye kifuniko kwa ajili ya mafuta ya mashine na ya wanachama.

5. Mifugo inywe maji sehemu moja iliyotengwa na kuwekwa mawe, isikanyage ukingo mzima. Kila kwato inayoshuka ukingoni inaangusha udongo.

6. Matuta yalimwe kukinga mteremko, yasilimwe kufuata mteremko. Tuta linaloshuka ni mfereji, tuta linalokinga ni tangi.

Juu ya matuta, tunajua kuna wazee watakaotikisa kichwa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililazimisha Wasukuma kulima matuta na kupunguza mifugo, kwa amri na faini. Watu walichukia, na walikuwa na haki ya kuchukia. Amri ile iliwafanya wachukie hata lile tuta lenyewe, ambalo halina kosa lolote. Kwa hiyo sisi hatutampiga mtu faini ya tuta. Bwana Shamba atapima mistari katika mashamba matatu ya wanachama waliojitolea, na mvua ikinyesha twende wote tukaone ni shamba lipi limebaki na udongo wake. Macho yatafundisha.

Sasa tunafika kwenye jambo gumu, ambalo limeleta maneno mengi kijijini. Ni jambo la mita 60.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto au ziwa, zile zinazoweza kuharibu mazingira hayo. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Wanakisomo wamekwisha pima kwa kamba ya mita 10, mara sita, na vigingi vimesimama. Ndani ya vigingi hivyo zimo bustani za mchicha, nyanya na vitunguu za kaya ambazo sote tunazijua kwa majina. Nyingi ni za akina mama. Nyingine ni za wajane ambao hawana ekari za pamba.

Mama mmoja alituuliza kwenye kikao cha shina: "Mnalinda maji ya watu wa mbali, na ada ya mwanangu ataitoa nani?" Swali hilo ni la haki, na hatutalijibu kwa kusoma kifungu cha sheria peke yake. Kweli, tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yanakwenda kwa bomba hadi Kahama na Shinyanga. Ndugu zetu kule wanayanywa. Lakini hata tukiwasahau wao, bustani ya ukingoni inamwumiza kwanza mwenye bustani. Ukingo uliolimwa hauna mizizi ya kuushika. Kila masika unamegeka, na tuta la mchicha linakwenda na maji. Kijito kinapanuka, kinakuwa kifupi cha kina, na kiangazi kinakauka mapema. Mama huyo huyo ndiye atakayechimba mchangani akitafuta ndoo moja.

Hata hivyo, ukingo ni wa kijiji kizima, na faida ya maji safi ni ya kijiji kizima. Si haki gharama yake ibebwe na wajane wachache. Ndiyo maana tumeazimia hivi.

Mboga zilizomo sasa zitavunwa na wenyewe. Hakuna mgambo atakayeng'oa mche wa mtu. Baada ya mavuno, upandaji mpya uwe nje ya vigingi. Ushirika utatoa sehemu ya shamba lake la juu kwa ajili ya bustani hizo, na kila mwenye bustani atapewa eneo kwa kadiri ya lile aliloacha. Wanachama wote tutatoa siku za kazi kuchimba visima viwili vifupi vya kumwagilia, nje ya mita 60, na majina ya zamu yatabandikwa hapa ukutani. Visima vikamilike kwanza, kisha bustani zihame. Tusimwambie mtu aondoke penye maji kabla hatujampa maji.

Na ule ukingo wenyewe hautaachwa kuwa pori la nyoka. Tutaufanya ngitili. Jambo hili hatukuazima mahali, ni letu. Babu zetu walifunga eneo la majani likapumzika wakati wa mvua, ili kiangazi mifugo ipate chakula. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ulikuta nchi imekuwa jangwa la vumbi, na dawa yake kubwa ilikuwa kurudisha ngitili. Miti ilirudi, majani yakarudi, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa. Ngitili ya ukingoni itafanya kazi mbili. Majani yake yatachuja maji ya mvua, udongo na samadi vibaki juu, maji yapite. Na kiangazi majani yatakatwa kwa mundu na kubebwa, mifugo isiingie. Katika ugawaji wa majani hayo, kaya zilizohama ukingoni zitatangulia, na zikitaka kuuza sehemu yao kwa wenye ng'ombe, fedha ni zao.

Ndugu zetu, tunajua kuna watakaosema: sisi tukisafisha, na kijiji cha juu yetu kisiposafisha, tumefanya nini? Tumekwisha andika barua kwa wenzetu wa juu kuwaomba kikao cha pamoja. Lakini tukienda kwenye kikao hicho na mikono michafu hatutasikilizwa. Na tukumbuke kwamba kwa watu wa chini yetu, sisi ndio kijiji cha juu. Wanayoyasema wao juu yetu sasa hivi hatuyasikii, lakini tunaweza kuyakisia.

Maazimio haya yatasomwa tena katika madarasa yote mawili ya kisomo. Mwenye pingamizi alilete kwa mdomo au kwa maandishi kwa katibu wa Ushirika kabla ya siku ya kazi ya kwanza, na litajibiwa hapa hapa ukutani, watu wote waone. Siku ya kazi ya kwanza ni Jumamosi ijayo, saa 1 asubuhi, penye mashine ya kusaga. Kila mtu aje na jembe, au sururu, au karai. Mwenye mgongo mbaya aje ahesabu ndoo za udongo.

Mvua haitatuuliza kama tuko tayari. Tuipokee ua ukiwa umefagiliwa.



Katibu wa Chama,
kwa niaba ya Bodi ya Ushirika na Serikali ya Kijiji.